Majina ya Safu ya Tatu

Mara ya tatu Wegesa Ryoba alipoingia dukani, Shamimu alitamani kujificha nyuma ya mashine ya fotokopi. Si kwamba mama huyo alikuwa msumbufu. Aliingia kimya, akavua kandambili zake mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia avue, akasimama karibu na kompyuta namba nne.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Angalia tena."

"Mama, si tuliangalia juzi?"

"Angalia tena, binti. Labda leo wameandika."

Ilikuwa Septemba ya mwaka 2010. Duka lilikuwa la Dullah, pale Turwa, Tarime mjini. Upande mmoja stesheneri, upande mwingine intaneti yenye kompyuta sita za mitumba, nzito kama mawe ya kusagia, zinazochukua robo saa kuwaka. Siku za kawaida wateja walikuwa vijana wa machimboni waliokuja kuangalia bei ya dhahabu, vumbi la mwamba likiwa bado kwenye nyusi zao, na wanunuzi kutoka Sirari wenye simu mbili mbili. Mwezi huo waliongezeka wateja wa aina nyingine. Walikuwa watu wazima, wengine hawajawahi kugusa kibodi, na wote walikuwa wanatafuta makaburi.

Mgodi ulikuwa unapanua shimo lake. Kitongoji kimoja chote kilitakiwa kuondoka, walio hai na waliozikwa. Kampuni iliyopewa kazi ya kuhamisha makaburi ilipita na kopo la rangi nyeupe ikachora namba juu ya kila kaburi, moja hadi mia mbili ishirini na tano. Kisha ikaweka orodha kwenye tovuti yake. Ndugu wa marehemu alitakiwa kutafuta jina, kubonyeza neno "Thibitisha" lililo mbele yake, kujaza fomu, kuiprinti na kuipeleka ofisini kwao. Kaburi ambalo halijathibitishwa hadi tarehe thelathini lingehesabiwa halina ndugu, na mabaki yake yangezikwa pamoja na mengine katika shimo moja. Orodha ya karatasi iliyobandikwa kitongojini ilidumu siku mbili tu, mvua ikaiosha.

Shamimu akafungua ukurasa. Kushoto, namba moja hadi sabini na tano. Kulia kwake, sabini na sita hadi mia moja hamsini. Chini, nembo ya kampuni. Basi.

"Wako ni namba ngapi, mama?"

"Mia moja themanini na tatu. Mwikwabe Ryoba. Ni mwanangu wa kwanza. Duara lilimfukia mwaka tisini na saba." Alisema "duara" kama wasemavyo wachimbaji wenyewe, lile shimo jembamba wanaloshuka kwa kamba kufuata mshipa wa dhahabu. "Namba nimeiona kwa macho yangu. Wamechora juu ya sementi niliyomwekea."

"Orodha inaishia mia moja hamsini. Jina halipo, mama. Pole sana."

Wegesa hakulia. Aliitazama kompyuta, akamtazama Shamimu.

"Kwa hiyo mwanangu hana ndugu," akasema, kama mtu anayesoma tangazo. Akavaa kandambili zake, akatoka.

Shamimu hakwenda kula mchana huo. Alikaa peke yake dukani, akachomoa modemu kwenye mashine ya duka na kuichomeka kwenye laptopu yake, ile aliyoletewa na kaka yake Ramadhan kutoka Mwanza. Alitaka kuiandikia kampuni kwamba orodha yao ina mapengo. Akafungua ukurasa kunakili anwani yao ya barua pepe.

Safu zilikuwa tatu.

Akasogeza uso karibu na kioo. Safu ya tatu ilianzia mia moja hamsini na moja, ikateremka hadi mia mbili ishirini na tano, na kila jina lilikuwa na neno lake la kuthibitisha pembeni. Namba 183: Mwikwabe Ryoba. Akageuka kutazama kompyuta namba nne, ambayo bado ilikuwa na ukurasa ule ule. Safu mbili. Akafungua msimbo wa ukurasa huo huo kwenye namba nne, yale maandishi yaliyojificha nyuma ya kila tovuti, akatafuta "Mwikwabe". Alikuwepo. Alikuwepo tangu siku ya kwanza. Kompyuta ilikuwa imempokea, ila haikumwonyesha.

Kwa kinywa chake mwenyewe, kwa wiki mbili, Shamimu alikuwa amewaambia watu kwamba wafu wao hawapo.

Alikuwa fundi wa kazi hiyo, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Baba yake, Mzee Sabaha, alikuwa fundi cherehani aliyekuja kutoka Tanga akaoa na kuzeekea Tarime. Binti alisomea kompyuta Mwanza miaka miwili, akarudi kutengeneza tovuti za nyumba za wageni za Mugumu zinazongoja watalii wa mbugani. Alikijua kile kivinjari cha zamani kilichokuwa kwenye kompyuta zote sita, chenye nembo ya herufi e ya bluu. Alikijua kama mtu anavyomjua punda mkaidi wa nyumbani. Alipaswa kushtuka mapema.

Akaunakili ukurasa kwenye kompyuta namba nne, akaanza kuupaka rangi: safu ya kwanza mpaka mwekundu, ya pili bluu, ya tatu kijani. Nyekundu ilionekana, bluu ikaonekana. Kijani hakuna. Akaondoa ule urefu wa lazima ambao aliyejenga ukurasa aliuwekea fremu ya orodha, na hapo kijani ikachomoza, imeangukia huko chini kabisa, chini ya nyekundu, mahali ambapo mwanzoni fremu ilikuwa imekikata na kukificha kila kilichozidi. Kwa hiyo ilianguka. Kwa nini ilianguka? Akapima. Kila safu ilikuwa imepewa nafasi ya upande wa kushoto, vipimo ishirini. Kwenye laptopu vilikuwa ishirini kweli. Kwenye namba nne, safu ya kwanza ilikuwa na arobaini.

"Wewe," akaiambia kompyuta kwa sauti, "umezidisha mara mbili."

Ulikuwa ugonjwa unaojulikana na mafundi wote wa umri wake. Kivinjari kile, kikikuta safu iliyoambiwa ijipange kushoto na yenye nafasi upande huo huo, huizidisha nafasi hiyo mara mbili. Vile vipimo ishirini vya ziada vilizisukuma safu kulia, ya tatu ikakosa pa kukaa, ikashuka, ikakatwa. Dawa yake ilikuwa maneno mawili yenye nukta pacha katikati, yanayoongezwa mahali pamoja tu. Akayaandika. Akafungua upya.

Nyekundu, bluu, kijani, bega kwa bega. Majina sabini na matano yalijitokeza.

Akampigia simu ofisa mahusiano wa kampuni, Sylvester Magige, kijana wa Nyanungu aliyekuwa amepata kazi nzuri na gari la kuendesha.

"Mbona kwangu yanaonekana yote?" Sylvester alisema.

"Kwako una kompyuta mpya. Huku tunatumia kivinjari cha zamani. Mugumu pia, Sirari pia, hata ile ya ofisi ya kata."

"Sasa si waambie wateja wako watumie kipya?"

"Mashine hazikibebi, kaka. Nimejaribu, zinaganda. Na watu wenyewe hawajui kivinjari ni nini. Mimi nawaomba muongeze maneno mawili tu. Nimeshawaandikia."

Sylvester akampa barua pepe ya fundi wa Dar es Salaam. Jibu lilikuja siku ya pili, mistari miwili, kwamba hawashughuliki na vivinjari vilivyopitwa na wakati na kwamba watumiaji washauriwe kubadilisha vifaa vyao. Shamimu akalisoma mara kadhaa. Akajibu akiwawekea dawa nzima, imepimwa, pamoja na picha za kabla na baada. Hakujibiwa. Zilikuwa zimebaki siku nane.

Siku hiyo hiyo jioni akachukua daftari la wateja, lile ambalo kila anayeketi kwenye kompyuta huandika jina, kijiji na namba ya simu kama anayo, akapiga mstari chini ya wote waliokuja kwa ajili ya makaburi. Walikuwa thelathini na mmoja. Wenye simu aliwapigia mmoja mmoja. "Nilikudanganya bila kujua," alianza kila mara. "Rudi, jina lipo." Kwa wasio na simu alituma ujumbe kwa madereva wa magari ya mchanga. Lakini dukani kwa Dullah ni mahali pamoja tu. Nani angewaambia waliojibiwa "halipo" kule Sirari na Mugumu?

Kwa hiyo akafanya alichokuwa akikifikiria tangu ile simu ya Sylvester. Akachukua orodha ya kampuni kama ilivyo, akaitia dawa, akaiweka kwenye tovuti ya duka. Kila jina liliongoza kwenye fomu ile ile ya kampuni, ambayo yenyewe haikuwa na ugonjwa. Juu aliandika kwa herufi kubwa: ORODHA NZIMA, INAFUNGUKA KWENYE KOMPYUTA YOYOTE. SI UKURASA WA KAMPUNI. Akawaandikia wenye maduka ya intaneti wote aliowafahamu.

Keshokutwa yake gari jeupe likasimama nje.

Duka lilikuwa limejaa. Wegesa alikuwa ameketi kwenye namba nne mwenyewe, Shamimu akimshika mkono juu ya mausi, ndipo Sylvester alipoingia na karatasi mkononi.

"Nani amekuruhusu kuchukua mali ya kampuni?"

Dullah akatoka nyuma ya kaunta haraka. "Karibu, karibu, mheshimiwa, tuzungumze huku ndani."

"Tuzungumzie hapa hapa," Shamimu alisema. "Mali gani?"

"Orodha. Umeinakili, mmejifanya ninyi ndio kampuni. Unaweza kushitakiwa, unajua?"

"Nimeandika juu kabisa kwamba ukurasa si wa kwenu. Kaa hapa, kaka Sylvester." Akavuta kiti cha namba tano, akafungua ukurasa wa kampuni. "Hii ni ya kwenu, sijaigusa. Nitafutie namba mia moja themanini na tatu."

Sylvester hakutaka kukaa, lakini watu kumi na kitu walikuwa wanamtazama. Akakaa. Akashuka na ukurasa hadi chini. Akapanda. Akashuka tena, polepole.

"Hizi kompyuta zenu ni mbovu," akasema.

"Ni za zamani. Kilicho kibovu ni ukurasa. Dawa nimewatumia, ni maneno mawili. Yaweke leo, na mimi leo hii ninaitoa ya kwangu."

"Huwezi kuipangia kampuni."

"Na kampuni haiwezi kuniambia mama huyu hana mtoto."

Wegesa hakugeuka. Alikuwa anabonyeza herufi za jina la mwanawe, moja moja, kwa kidole kimoja.

Sylvester akamwachia Dullah ile karatasi ya onyo, akaondoka. Dullah aliisoma akiwa amesimama, akamwita Shamimu stoo. Nusu ya kazi za kuprinti za duka, alisema, zilitoka kwa kampuni hiyo. Ana watoto wanne shuleni. Yeye si mtu mbaya, Shamimu anamjua.

"Nakujua, kaka Dullah."

"Basi itoe. Ukitoa, yameisha."

"Siitoi."

"Tovuti ni ya duka langu, Shamimu. Nitaitoa mwenyewe."

"Itoe. Lakini mimi sitaketi tena pale mbele niwaambie watu majina hayapo."

Akakunja laptopu yake, akachukua kanga yake iliyokuwa kwenye kiti. Wegesa alikuwa mlangoni na karatasi yake iliyochapwa, ameishika kwa mikono miwili kama sahani yenye mchuzi. Kabla jua halijazama, ukurasa wa Shamimu ulikuwa umefutwa.

Asubuhi alipanda gari la Mugumu, ile barabara inayopita machimboni. Ng'ambo ya bonde aliona shimo la mgodi, ngazi kubwa za ardhi nyekundu zikishuka, na malori madogo kama siafu. Huku pembeni vijana walikuwa wanapepeta mchanga kwenye mabeseni. Mugumu, rafiki yake wa chuo Mwajuma alikuwa na duka la intaneti lenye kompyuta nne, karibu na bomba la umma linaloleta maji ya bwawa la Manchira. Shamimu hakumaliza hata kueleza.

"Weka kwangu," Mwajuma alisema. "Mimi siwaprintii kitu."

"Watakuja na gari lao."

"Waje. Na wao wapange foleni."

Hadi saa saba ukurasa ulikuwa hewani tena. Watu walikuja, lakini si wote. Siku moja kabla ya tarehe thelathini Shamimu alihesabu kwenye ukurasa wa kampuni majina ambayo bado yana neno la kuthibitisha, akaona kwamba katika majina sabini na matano ya safu ya tatu, zaidi ya nusu hayajathibitishwa. Wengine walishakata tamaa. Wengine walikuwa Kenya. Na kesho yake kampuni ingekutana na wananchi kwenye uwanja wa shule ya kitongoji kufunga orodha.

Akaiprinti safu yote ya tatu, herufi kubwa, kurasa tano.

Uwanjani kulikuwa na turubai la viongozi na kipaza sauti. Wananchi walikaa kwenye nyasi. Meneja wa kampuni, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alieleza kwamba zoezi limekwenda vizuri, kwamba muda uliotolewa ulitosha, na kwamba makaburi yasiyo na ndugu yatazikwa kwa heshima zote. Akauliza kama kuna swali. Shamimu akasimama.

"Sina swali. Nina majina."

"Dada, taja jina lako na kijiji chako."

"Shamimu Sabaha, Tarime mjini. Sina kaburi hapa." Minong'ono ikaanza. Akapaza sauti. "Orodha yenu haikuonekana yote kwenye kompyuta za huku. Majina sabini na matano yalifichika. Mimi mwenyewe niliwaambia watu hayapo. Nimekuja kuyasoma. Mia moja hamsini na moja: Gati Wangwe."

"Dada, huu si utaratibu. Kaa chini."

"Mia moja hamsini na mbili: Mokami Wangwe. Mia moja hamsini na tatu: Waitara Mwikwabe."

"Huyo ni babu yangu!" mzee mmoja aliyekuwa nyuma alisimama akiegemea fimbo. "Mliniambia hayumo!"

Meneja alimnong'oneza Sylvester. Sylvester akaanza kutembea kuelekea kwa Shamimu, lakini kila alipopita watu hawakuvuta miguu yao, ikambidi aruke mmoja mmoja. Shamimu aliendelea kusoma. Mia moja sitini. Mia moja sabini. Kila jina likijibiwa mtu alisimama, na aliyesimama hakukaa tena. Alipofika mia moja themanini na tatu, Wegesa, ambaye karatasi yake ilishapokelewa, alisimama hata hivyo.

"Wangu," akasema. "Endelea, binti."

Sylvester alimfikia kwenye mia moja tisini na nne. Alinyoosha mkono kuchukua karatasi. Shamimu akazishusha chini ya kanga na kuendelea kwa kichwa, kwa maana katika wiki ile alikuwa ameyaona majina hayo mara nyingi kuliko ya ukoo wake. Alikosea mawili, watu wakamrekebisha. Sylvester alibaki amesimama pembeni yake, mkono hewani, kisha akauteremsha.

Alipomaliza mia mbili ishirini na tano, karibu nusu ya uwanja ilikuwa wima. Meneja akaagiza maji ya kunywa. Mwenyekiti wa kitongoji akainuka chini ya turubai, akachukua kipaza sauti na kusema kwamba yeye hatatia sahihi kufunga orodha siku hiyo, wala kesho, hadi waliosimama wapewe nafasi ya kuketi.

Kampuni iliongeza wiki tatu. Ilileta meza mbili na makarani kitongojini, watu wakathibitisha kwa kalamu. Siku chache baadaye Shamimu alifungua ukurasa wa kampuni kwenye kompyuta ya Mwajuma iliyo kuukuu kuliko zote. Safu tatu. Akaangalia msimbo: maneno yake mawili yalikuwa pale, mahali pale pale alipowaambia. Alifurahi, kisha akakasirika, kisha akafurahi tena. Makaburi manne hayakupata mtu, pamoja na kutafuta kote hadi ng'ambo ya mpaka. Hilo lilimsumbua kwa muda mrefu. Hakujua kama ni kweli hawakuwa na ndugu, au kuna mtu mahali fulani aliyejibiwa "halipo" akaenda zake.

Mwezi Novemba Sylvester alikuja Mugumu, safari hii bila kelele. Alikaa kwenye benchi, akanywa soda aliyopewa na Mwajuma, akatoa bahasha. Ndani kulikuwa na barua iliyochapwa. Kampuni ilikuwa inatafuta mtu wa kupima kurasa zake kwenye kompyuta za wilayani. Jina la Shamimu limependekezwa. Sharti lilikuwa moja, asaini tamko lililoambatanishwa, kwamba ukurasa wa makaburi ulifanya kazi ipasavyo muda wote na kwamba usumbufu ulitokana na vifaa vya watumiaji.

"Ni karatasi tu," Sylvester alisema. "Mimi ndiye niliyekupendekeza. Ni kazi nzuri, dada. Usiipoteze kwa sentensi moja."

Shamimu aliisoma hadi mwisho. Aliihitaji kazi. Kwa Mwajuma walikuwa wawili kwenye duka la mtu mmoja, na Dullah alikuwa ameshaajiri mwingine.

"Siku ile nilikukalisha kwenye kiti," akasema. "Uliiona namba mia moja themanini na tatu?"

Sylvester alitazama chupa yake.

"Uliiona au hukuiona?"

"Sikuiona."

"Basi."

Akachukua kalamu, akapiga mstari kwenye tamko zima, na chini yake akaandika kwa mkono: "Ukurasa haukuonyesha majina 75 tangu tarehe 6 hadi 30 Septemba. Kampuni iliarifiwa tarehe 21 na ikapewa dawa tarehe 22. Nipo tayari kupima kurasa zenu zote." Akatia sahihi, akaandika namba yake ya simu, akairudisha ndani ya bahasha.

"Hawatakubali," Sylvester alisema.

"Wapelekee hivyo hivyo."

Akamsindikiza hadi kwenye gari, kama mgeni mwingine yeyote, kisha akarudi ndani kumsaidia mteja ambaye kioo chake kilikuwa kimeganda.